Mwenye Mafua na Ufagio: Diwali, Idd na Mwaka Kogwa

Diwali haitoki Oktoba na Novemba. Kalenda ya Wahindu hufuata mwezi, lakini kila baada ya miaka 3 hivi huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hesabu hiyo ina maana kwamba sikukuu humkuta joto limeshapanda, vuli iko mlangoni, na vumbi la kiangazi limelala juu ya makabati. Idd haina msimu. Kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, basi mama aliyefua mapazia ya Idd kwenye mvua za masika atakuja kuyafua kwenye jua kali. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kule kusini mwa Unguja, hufuata hesabu ya Nairuzi iliyotoka Uajemi, na siku hizi huangukia Julai, wakati wa baridi ya kipupwe.

Naziweka sikukuu hizi tatu pamoja kwa sababu zote huanza na ufagio, na zote zina la kusema kuhusu maradhi. Ninachotaka kukijua ni kidogo: mtu akiamka na mafua nyumba ikiwa haijasafishwa, kila mila inamfanyia nini?

Katikati ya Dar es Salaam ndipo mahali pa kuuliza swali hilo. Wakoloni waliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na upande wa Kariakoo kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kana kwamba maradhi yangeogopa kuvuka uwanja. Mgawanyo huo ulibomoka zaidi, tena kwa uchungu kwa wengi, mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka nchini, nyingine zikageuka wapangaji wa Msajili wa Majumba katika nyumba walizozijenga wenyewe, na vyumba vilivyobaki wazi vikapata wapangaji wapya. Ndiyo maana leo, kwenye ghorofa moja ya Kisutu au Upanga, harufu ya udi hushuka ngazi na kukutana na ya ubani wa vijiti unaopanda. Watu wanasikilizana chafya ukutani.

Nilikuwa kwa jirani mmoja wa Kisutu, mama wa Kigujarati, siku chache kabla ya Diwali. Vyombo vyote vya shaba vilikuwa chini, vikisuguliwa kwa ndimu na chumvi mpaka vikarudi rangi ya machungwa. Magodoro yalikuwa yameanikwa kwenye kibaraza. Yeye mwenyewe alikuwa juu ya kiti, mtandio umefungwa puani, anafuta utando kwenye pembe ya dari, na macho yanamtoka machozi.

"Pole na mafua, mama," nikamwambia.

"Nishapoa, mwanangu. Shikilia kiti tu, kinacheza."

Hakuwa amepoa. Alipoteremka kuchora maua ya unga wa rangi kizingitini, yale yanayoitwa rangoli, ilibidi ainame chini, na kuinama kwa mwenye mafua ni kuzijaza pua upya. Chafya moja ilipeperusha tausi aliyekuwa amemchora kwa nusu saa. Alinyamaza kidogo, akakung'uta mkono, akaanza upya kutoka kwenye mkia. Sikuwahi kuiona ibada ikiwa wazi namna ile: Laxmi, mungu wa neema, huingia nyumba iliyo safi na yenye mwanga, na mama huyu hakuwa tayari aikute ya kwake na vumbi.

Jikoni ndiko mila hizi zinakokaribiana zaidi. Yeye alikuwa na kikombe cha maziwa ya moto yenye manjano na pilipili manga. Kwetu ni tangawizi iliyopondwa, limau, asali na mchaichai, na mafua yakikaza ni kujifukiza: sufuria ya majani ya mkaratusi na mlimau, blanketi gubigubi, jasho linatiririka. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilirudi chini ya blanketi hilo. Kwenye kibaraza chake kulikuwa na kopo la mtulsi, mmea anaoumwagilia na kuuombea kila asubuhi, na majani yake huyatia kwenye chai akiugua. Mtulsi ni ndugu wa damu wa mrihani wetu wa vikuba na wa kivumbasi kinachochemshwa kwa homa na kikohozi. Wataalamu wa mimea huiweka yote mitatu katika jenasi moja, Ocimum. Mmoja akaupa mmea utakatifu, mwingine akauweka kifuani mwa bi harusi, na wote wakaukimbilia pua zilipoziba.

Katika dawa hizi hakuna inayoua kirusi cha mafua, wala antibaiotiki haikiui. Mafua hupona yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, na kinachosaidia ni maji mengi, usingizi na kupumzika. Asali hulainisha koo, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Maji ya kujifukiza yameunguza watoto wengi, basi yakae mbali nao. Na moshi, uwe wa udi au wa ubani, ni adhabu kwa pua iliyovimba. Chetezo kinaweza kungoja.

Tofauti huanza pale maradhi yanapoingia katika imani yenyewe. Siku ya kwanza ya Diwali ni Dhanteras. Wengi wanaijua kwa sababu ya dhahabu: kwa masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi hujaa watu, na asiye na uwezo hununua japo kijiko kipya. Lakini siku hiyo pia ni ya Dhanvantari, tabibu wa miungu, aliyetoka baharini akiwa na chombo cha dawa ya uzima. Tangu mwaka 2016 hadi 2024, serikali ya India iliiadhimisha Dhanteras kuwa siku ya taifa ya Ayurveda. Naliona hili kuwa jambo zuri sana: sikukuu ya neema inaanza kwa kumkumbuka tabibu, kabla ya fataki na ladu.

Siku inayofuata, Kali Chaudas, wanawake wa Kigujarati hukaanga bagia, wakaziacha njia panda, wakazizungushia maji na kurudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Wanachokitupa ni magomvi ya nyumba. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa njia panda ni mahali gani. Makunduchi hufanya kazi hiyohiyo kwa kelele: wanaume hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe hadharani, kibanda cha makuti kinachomwa moto, na watu wanakwenda baharini kuoga mwaka. Mabaya ni uchafu, na uchafu hutolewa nje. Ila Makunduchi hutolewa na mji mzima. Kisutu hutolewa na mwanamke mmoja, usiku, na sahani mkononi.

Hapo ndipo naona upungufu, na si wa Diwali peke yake. Uislamu umeandika ruhusa ya mgonjwa waziwazi: Sura ya Al-Baqara inamruhusu kula mwezi wa Ramadhani na kulipa siku zake baadaye. Ni huruma yenye sheria, na katika mila mbili nyingine sikuona ya kulingana nayo. Lakini nenda Kariakoo usiku wa kuamkia Idd. Yule aliyekula mchana kwa ruhusa ya homa yuko kwenye foleni ya mapazia, na alfajiri atakuwa na tambara mkononi. Ruhusa ilimfikia mfungaji, haikumfikia mfagiaji. Kwa jirani yangu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa Diwali haimo katika sikukuu za kitaifa za Tanzania kama zilivyomo Idd na Krismasi. Duka hufunguliwa, watoto huenda shule, na usafi wote hubanwa katika saa za usiku.

Hukumu yangu ni kwamba kila mila ina kipande ambacho mwenzake hana. Diwali ina tabibu siku ya kwanza. Uislamu una ruhusa. Makunduchi ina mji mzima unaobeba kazi pamoja. Tukiishi kwenye ngazi moja, hakuna anayetukataza kuazimana, kama tunavyoazimana sukari na kutumiana sahani za chauro na biriani.

Basi Diwali ijayo, na Idd ijayo, ukisikia chafya ukutani juma la usafi, piga hodi. Usipeleke tangawizi tu. Watume vijana wako, wa kiume pia, wapande kwenye kiti na kufuta dari, na mama mwenye mafua akalale.