Nakuru katika Saraka za Tovuti

Saraka za tovuti zilikuwa orodha za anwani za intaneti zilizopangwa kwa mada na wahariri, mtu akisoma kila ukurasa kabla ya kuupitisha. Kabla injini za kutafuta hazijashika hatamu, saraka hizo zilikuwa njia kuu ya msomaji wa Berlin au Toronto kufikia habari za Ziwa Nakuru. Iliyotangulia kwa umaarufu, Yahoo, ilianzishwa mwaka 1994 na Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka huohuo Wakenya waliokuwa masomoni Marekani waliunda Africa Online, mojawapo ya kampuni za kwanza kuuza huduma za intaneti nchini Kenya.

Mwanzoni Yahoo haikutoza chochote. Kufikia mwisho wa mwaka 2001, biashara iliyotaka kuorodheshwa ililipa dola 299 kwa mwaka, na malipo ya kwanza yalikuwa ya kukaguliwa tu. Tovuti ingeweza kukataliwa na fedha zisirudi. Kwa kampuni ndogo ya safari katika Bonde la Ufa, hicho kilikuwa kiasi kizito. Ndiyo maana Open Directory Project, iliyoanza mwaka 1998 na kujulikana pia kama DMOZ, ilikuwa na thamani kubwa: iliendeshwa na wahariri wa kujitolea, haikutoza ada, na Google iliitumia kujenga saraka yake yenyewe.

Kukubaliwa na DMOZ kulitaka umakini. Tovuti ya Nakuru haikupelekwa kwenye fungu la jumla la usafiri bali kwenye tawi la maeneo: Afrika, kisha Kenya, kisha fungu dogo lililoifaa. Iliyopelekwa pasipo pake ilihamishwa kutoka foleni moja hadi nyingine, na kusubiri kungechukua miezi. Maelezo yaliyojaa sifa yaliandikwa upya; maneno kama "bora kuliko zote" yalifutwa.

Kipimo kikubwa kilikuwa maandishi asilia. Wakati huo kurasa nyingi za utalii zilikuwa nakala za nyingine, zimewekwa ili mwenyewe apate kamisheni ya kila chumba cha hoteli kilichokodishwa. Mhariri alijiuliza: viungo vya kamisheni na maneno ya kunakili yakiondolewa, kunabaki nini? Kwamba Ziwa Nakuru lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, au kwamba liliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu mwaka 1990, kulipatikana kila mahali. Mkazi wa Nakuru alikuwa na zaidi ya hayo. Angeweza kueleza kwa nini inafaa mgeni atokaye Nairobi aingilie lango la Lanet, jinsi ya kufika ukingo wa kreta ya Menengai, mabaki aliyochimbua mwanaakiolojia Mary Leakey huko Hyrax Hill kuanzia mwaka 1937, au mashoka ya mawe ya Kariandusi karibu na Gilgil, ambayo magari ya watalii huyapita bila kusimama.

Ujuzi huo ulidhihirisha uzito wake maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kufura mnamo mwaka 2010. Maji ya Ziwa Nakuru yalifunika lango kuu la hifadhi, magadi yakazimuliwa, mwani ambao heroe hula ukapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Kurasa zilizonakiliwa ziliendelea kuahidi ufuo wa waridi. Hapo saraka nazo zilionyesha udhaifu: mhariri aliye mbali alitambua sentensi iliyoibwa, lakini si habari iliyopitwa na wakati.

Kufikia hapo wasafiri wengi walitumia injini za kutafuta, na maoni ya wageni waliotangulia yalisomwa kwenye TripAdvisor. Google ilifunga saraka yake mwaka 2011, Yahoo mwaka 2014. DMOZ ilifungwa Machi 17, 2017, ikiwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8, na baadhi ya wahariri wake wanaendeleza kazi hiyo kwa jina la Curlie.