Akili na Chumba Kimoja

Wahenga walisema kuwa mshika mbili, moja humponyoka. Watoto hufundishwa methali hii ili wajihadhari na tamaa, na mafundisho hayo ni mema. Lakini ndani yake mna jambo jingine, ambalo wataalamu walilithibitisha kwa majaribio katika karne ya ishirini: hata mtu asiye na tamaa, mwenye bidii na nia njema, hushindwa kuyafikiri barabara mambo mawili kwa wakati mmoja. Jambo hili lawahusu sana vijana wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, kwa sababu historia ya nyumba zao imewataka wengi wao wafanye lile ambalo akili hailiwezi.

Serikali ya kikoloni ilipowajengea Waafrika nyumba upande wa mashariki wa mji, haikukusudia hasa kuweka makao ya jamaa. Mfanyakazi alitazamiwa kuwa mwanamume aliyemwacha mke na watoto shambani. Aje, afanye kazi, alale, na nguvu zikimwishia arudi kwao. Kwa hiyo katika nyumba za reli za Muthurwa, na katika mitaa kama Shauri Moyo, chumba kilipimwa kwa idadi ya watu watakaolala humo. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wenyeji waliruhusiwa kujijengea wenyewe. Lakini huko pia vyumba vilipangishwa kimoja kimoja, na kila kimoja kikawa nyumba nzima ya mtu.

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya mume, mke na watoto. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilipendekeza kwamba mshahara wa mfanyakazi Mwafrika umtoshe yeye na jamaa yake. Ushauri huo ulikuja baada ya watu wengi kwisha kuwaleta jamaa zao mjini. Chumba kilichokusudiwa kitanda kilikuwa sasa jiko, sebule, chumba cha kulala, na jioni kikawa shule. Hata leo wako wanafunzi wengi wanaosoma katika chumba cha namna hiyo, huku chakula kikipikwa, mtoto akilia, na redio ya jirani ikisikika ukutani.

Basi tuulize: kwa nini ni vigumu kusoma humo? Mwaka 1927 Mmarekani Arthur Jersild aliwapa watu hesabu rahisi. Walipofanya hesabu za namna moja mfululizo, walikwenda upesi. Walipotakiwa kujumlisha na kutoa kwa zamu, walikawia, ingawa hesabu zenyewe hazikuwa ngumu zaidi. Twaona basi kwamba akili ikihama kutoka kazi hii kwenda kazi ile hulipa ushuru njiani, na ikirudi hulipa tena.

Mwaka 1953 Colin Cherry, Mwingereza, aliwavisha watu vipokea sauti masikioni, akawasikilizisha maneno ya namna mbili, haya sikio la kulia na yale sikio la kushoto, akawaamuru wayarudie ya sikio moja tu. Waliweza. Lakini walipoulizwa sikio la pili lilisikia nini, walijua kwamba kulikuwa na sauti ya mtu, na karibu hawakujua neno lolote aliloshika kusema. Mwaka 1958 Donald Broadbent aliandika kitabu akieleza kuwa usikivu wetu ni kama njia nyembamba, isiyopitisha habari nyingi kwa pamoja. Na mwaka uliofuata Neville Moray alionyesha kuwa jina la mtu mwenyewe mara nyingine hupenya hata katika sikio lisilosikiliza. Ndiyo maana mwanafunzi aliyezama kitabuni huweza kutosikia mazungumzo yote ya chumbani, lakini akiitwa kwa jina hushtuka, na fikira zake zikakatika.

Huenda msomaji akapinga, akisema kuwa fundi cherehani wa Gikomba hushona huku akizungumza na mteja. Ni kweli, lakini mazoea ya miaka mingi yameifundisha miguu na mikono yake kazi ile, hata haihitaji kufikiriwa. Mwangalie anapopima kitambaa ghali kabla ya kukikata: mazungumzo hukoma. Na kujifunza jambo jipya, ambako ndiko kazi ya mwanafunzi, hakuwezi kuachiwa mazoea.

Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumwita mjinga kijana anayesoma saa tatu akakumbuka kidogo. Yawezekana kwamba katika saa hizo tatu akili yake imelipa ushuru mara mia. Dawa yake ni mahali, na mahali pana historia pia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mjini Nairobi mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Leo ni ya watu wote, nayo ina matawi Kaloleni na Makadara, hatua chache kutoka vyumba vile vya kitanda. Katika miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limeshiriki kuyakarabati.

Anayeweza kufika huko na afike. Asiyeweza, na apatane na jamaa zake juu ya saa moja ya utulivu, simu yake aiweke mbali, na kitabu kimoja kiwe mbele yake mpaka saa hiyo iishe. Na yule atakayekuwa siku moja mjenzi wa nyumba au diwani wa mji, na akumbuke kuwa binadamu huhitaji mahali pa kulala, na pia mahali pa kufikiri.