Kamusi ya Müller na majina yaliyoachwa nje

Kamusi ya Kiingereza na Kirusi ambayo Wasovieti waliiita kwa jina moja tu, Müller, inakaribia kutimiza karne. Vijana wa Afrika Mashariki waliokwenda Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa Moscow mwaka 1960, waliikuta imekwisha kuota mizizi. Tafuta humo kivumishi kama fair, utaona kazi iliyofanyika: hakimu wa namna hiyo ni spravedlivy, msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu ni belokuraya, na anga isiyo na mawingu ni yasnoye.

Toleo lililoipa kamusi umaarufu lilitoka mwaka 1943. Vladimir Müller, mtaalamu wa Shakespeare, hakuliona, alifariki 1941. Jaladani liko jina lake peke yake.

Hapo ndipo pana dhuluma kidogo. Kamusi ya mwanzo, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, Müller aliiandika pamoja na Simon Boyanus, profesa wa Leningrad. Boyanus alifika London mwaka 1925 kusomea fonetiki katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka uliofuata akamwoa mwalimu wa hapo, Lilias Armstrong. Baada ya miezi minane ya ndoa, mume alilazimika kurudi kwao, mke akabaki na kazi yake. Waliishi mbalimbali hivyo hadi Januari 1934, Boyanus alipohamia Uingereza moja kwa moja. Katika miaka hiyo ya kutengana, Armstrong alisaidia kuandika matamshi ya maneno ya Kiingereza katika kamusi ya mumewe.

Wakenya wangepaswa kumjua mama huyu. Kuanzia 1935, idara yake ilimwajiri mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski, Jomo Kenyatta, ili amsaidie Armstrong kuchunguza sauti na toni za lugha ya Kikuyu. Armstrong alifariki Desemba 1937. Mwanafonetiki Beatrice Honikman akaukamilisha mswada wa uchunguzi huo, na kitabu kikatoka 1940. Habari za Kenyatta wa London tunazisimulia kila mwaka, lakini kazi hii haitajwi.

Müller imechapishwa tena na tena, hata baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika. Watakaoandaa toleo la miaka mia waandike majina yote matatu.