Sharti la Nani? Istilahi Moja ya Kwenda Nayo Kwenye Usaili

Swali lenyewe huja katikati ya usaili wa kazi ya uhasibu katika shirika lisilo la kiserikali, baada ya yale ya kujieleza na kutaja ulikotoka. Mmoja wa wasaili, mara nyingi yule aliyekaa kimya tangu mwanzo, anasema: shirika lina shilingi milioni 480 benki, mwenye nyumba anadai kodi ya ofisi milioni 12, mhasibu aliyekuwepo amekataa kuandaa malipo, na mkurugenzi anamwona mkaidi. Nani ana haki?

Anayetoka kampuni ya biashara hujibu upesi kwamba milioni 12 ndani ya 480 si kitu. Kwake hela iliyo kwenye akaunti ya kampuni ni ya kampuni, na anayedaiwa alipe. Hapo usaili umekwisha, hata kama ataendelea kukaa kitini na kunywa maji aliyopewa. Aliyewahi kushika vitabu vya asasi hujibu swali kwa swali: hizo milioni 480 ni za kazi gani, na nani kasema hivyo?

Kwa Kiingereza kinachotafutwa hapo huitwa restricted funds. Usaili wa idara za fedha hapa kwetu huendeshwa nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, kwa hiyo mtu anaweza kuyatamka maneno hayo vizuri kabisa bila kuwa na hakika yanasema nini. Makala haya nimemwandikia yeye. Yanatafuta pia jina la Kiswahili linalofaa, kwa sababu nionavyo mimi, ukilipata jina, nusu ya maandalizi umeshayamaliza.

Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu mwenye kamusi mkononi ni fedha zilizozuiwa. Haifai. Mswahili akisikia fedha zimezuiwa anafikiria amri ya mahakama au akaunti iliyoshikwa na mamlaka ya mapato. Fedha tunazozizungumzia zinatakiwa zitumike, tena kabla ya tarehe iliyo kwenye mkataba, na mhasibu anayeziacha zilale hadi mradi ukafika ukingoni ana maelezo ya kutoa sawa na yule aliyezitumia vibaya. Wengine husema fedha maalumu. Hilo halina kosa, ila halisemi kitu: maalumu kwa lipi?

Linalotumika zaidi kwenye ripoti ni fedha zenye masharti. Hili liko karibu na ukweli, lakini limebeba mzigo wa zamani. Kwa Mtanzania aliyeishi miaka ya 1980, masharti ni yale ya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo Nyerere aliyapinga hadharani na nchi ikaja kukubaliana na shirika hilo mwaka 1986, Mwinyi akiwa Ikulu. Yalikuwa masharti ya kutekeleza ili ukopeshwe: shusha thamani ya shilingi, punguza matumizi ya serikali. Hayo ni mambo mengine kabisa na hela, tuseme ya kuchimba visima, iliyokwisha kuingia benki. Wenyewe walio ofisini wala hawasumbuki na istilahi hizi. Wanasema hela ya mradi, au wanamtaja mwenyewe moja kwa moja: hiyo ni ya Waswidi, usiiguse. Nadhani wamewashinda waandishi wa ripoti, maana wamekwenda moja kwa moja kwa aliyetoa.

Na pwani jambo hili lina sheria kongwe kuliko asasi zetu zote. Mtu alikuwa akiweka shamba lake la minazi wakfu, akaagiza kwamba mapato yake yahudumie msikiti fulani, au kisima cha mtaa, au wanafunzi wa chuo cha Kurani. Tangu siku hiyo shamba haliuzwi wala halirithiwi, na msimamizi wake hana ruhusa ya kuhamishia mapato kwenye jambo jingine kwa kuwa tu ameliona ni jema zaidi. Mafakihi wana kanuni yao mashuhuri kuhusu hili: sharti la mweka wakfu lina nguvu kama nassi (andiko) ya mwenye kuweka sheria. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Kenya nayo ina Kamisheni ya Wakfu, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kusimamia matakwa ya watu ambao wengi wao walikwisha kufariki. Zaka nayo haiendi ovyo. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahili kupewa, na anayeigawa hana mamlaka ya kuongeza la tisa. Sadaka ya kawaida ndiyo iliyo wazi.

Tazama lile neno sharti hapo, kwa umoja, likiwa na mwenyewe: sharti la mweka wakfu. Linamtaja aliyelitoa, na linahusu matumizi ya mali iliyokwisha kutolewa. Kwa hiyo istilahi ninayoipendekeza ni fedha zenye sharti la mtoaji, na zile zisizo na sharti ziitwe fedha huru. Wamarekani wenyewe walifika hapohapo kwa njia yao. Bodi yao ya viwango vya uhasibu ilitoa kanuni mpya mwaka 2016, ikayafuta makundi matatu ya zamani na kubakiza mawili, yenye sharti la mtoaji na yasiyo nalo. Mtoaji akaingizwa kwenye jina.

Sababu ya kumtaja ni kwamba kuna hela nyingine inayofanana sana na hii lakini sheria yake ni tofauti. Bodi inakaa, inaona fedha huru zimejaa kidogo, inaamua milioni 60 ziwekwe pembeni kwa ajili ya gari. Hizo ni fedha zilizotengwa. Aliyezitenga ni bodi yenyewe, na bodi hiyohiyo ikikutana tena inaweza kuzitengua na kuzilipia mishahara bila kumwomba mtu ruhusa. Fedha za mtoaji haziguswi hivyo hata wajumbe wote wakinyoosha mikono. Wasaili wanaojua kazi yao hupenda sana kuuliza tofauti hii, na mtu anayeijua hujibu kwa sentensi moja: angalia aliyeweka sharti.

Sasa turudi kwenye zile milioni 480. Tuseme 310 ni za mradi wa maji, 95 za mradi wa elimu, 60 zimetengwa na bodi kwa ajili ya gari, na 15 ndizo huru. Kodi ya milioni 12 inaweza kulipwa kutoka kwenye zile 15, na shirika litabaki na milioni tatu za kuvutia pumzi. Au, kama bajeti ya mradi wa maji iliyoidhinishwa ina kasma ya kodi ya ofisi, mradi ubebe sehemu yake halali, na wa elimu vilevile. Au bodi itengue fungu la gari. Mhasibu aliyekataa kuchota kwenye 310 bila kasma alikuwa na haki. Lakini kama alikataa tu na kurudi kwenye meza yake bila kumwonyesha mkurugenzi njia hizi tatu, basi mkurugenzi naye alikuwa na sababu ya kununa. Sehemu hii ya pili ndiyo inayompa mtu kazi, na wengi huisahau kwa furaha ya kuijua ile ya kwanza.

Swali la pili la kulijua ni sharti la nini. Lipo sharti la kutumia na lipo sharti la kupokea. Mfadhili mmoja anakutumia milioni 200 mwezi Desemba za kuchimba visima. Ni zako tangu zilipoingia, ila zina kazi yake. Kwa kanuni za Uingereza na za Marekani ni mapato ya mwaka huu, na kama hujatumia hata senti, vitabu vitaonyesha ziada ya milioni 200. Mwingine anakutumia milioni 200 kwa mkataba kwamba kila kisima kitalipiwa maji yakishapimwa na kukubaliwa, la sivyo hela irudi. Hapo hujapata mapato. Unachoshika ni deni, linakaa upande wa madeni kwenye mizania, na linapungua kisima baada ya kisima. Barua mbili zinaweza kufanana kila mstari na kutofautiana kwenye kifungu kimoja hicho. Neno masharti likiachwa peke yake linazichanganya. Sema sharti la kutumia, sema sharti la kupokea, na mkanganyiko umekwisha. Wenye Kiingereza wamelazimika kuwa na maneno mawili tofauti kwa kazi hii.

Ziada ile ya Desemba, kwa njia, ni mtego wa kila mwaka. Mjumbe wa bodi anaisoma, anafurahi, anauliza kwa nini wafanyakazi hawapati bonasi. Ndiyo maana hesabu za mashirika ya hisani ya Uingereza huonyesha fedha huru safu yake, zenye sharti safu yake, na wakfu safu yake. Ukipewa hesabu za shirika kabla ya usaili, au ukizikuta zimechapishwa, anza na safu hizo kabla ya kuangalia jumla.

Je, sharti lazima liwe kwenye mkataba? Hapana, na hapa hata wahasibu wazoefu hujikwaa. Maneno uliyoombea hela yanatosha. Muumini aliyetia bahasha kwenye kapu la ujenzi wa kanisa hakusaini chochote, lakini mzee wa kanisa anayeitumia kununua kinanda anajua atakachosikia Jumapili inayofuata. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 500 katika mfuko wa wahanga, kisha uongozi ukasema sehemu itawekwa akiba kwa maafa yajayo. Waliotoa wakaja juu, wabunge wakawahoji, na Novemba mwaka huohuo shirika likageuza uamuzi: hela yote iende kwa walioathirika. Kwetu, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilileta michango kutoka kila pembe. Serikali ilipoeleza kwamba michango itakarabati miundombinu ya umma, shule na vituo vya afya, badala ya kujengea watu nyumba zao, mjadala ulikuwa mkali. Siingii kwenye nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba sentensi ya tangazo la kuomba mchango ni hati ya uhasibu, na idara ya fedha inapaswa kuisoma kabla haijakwenda redioni.

Mashirika mengi hutoa pia jaribio la vitendo, na humo istilahi hugeuka karatasi. Utapewa risiti ya EFD ya mafuta, shilingi 180,000, gari limekwenda Bagamoyo siku moja kwa kazi za miradi miwili. Kinachotazamwa ni kama unaomba daftari la safari za gari ili ugawanye kwa kilomita, au unagawanya nusu kwa nusu kwa sababu ni rahisi, au mbaya zaidi, unaitia yote kwenye mradi wenye hela nyingi. Hati ya malipo inatakiwa ibebe jina la mradi, namba ya kasma na kiasi cha kila upande, na risiti yenyewe igongwe muhuri unaosema imelipwa na mradi gani. Muhuri ule una kazi. Unazuia risiti moja kupelekwa kwa wafadhili wawili, jambo ambalo mkaguzi hulitafuta kabla ya mengine yote.

Utaulizwa pia kuhusu kuazimana baina ya miradi: hela ya maji imeingia, ya elimu imechelewa, mishahara ya walimu ni kesho. Sera nyingi zinakataza, nyingine zinaruhusu kwa idhini ya maandishi na kurudisha haraka. Usijifanye hujawahi kuliona. Sema ungeanza kwa kusoma mkataba wa mwenye hela ya maji, kisha ungemwandikia kabla ya kuigusa.

Sheria usizipite. Tanzania Bara, mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya sheria Na. 24 ya 2002, na kanuni za 2018 zinataka mikataba ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe kwa Msajili na Hazina. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kufanya kazi Mei 2024. Kutaja iliyo ya nchi yako kunatosha.

Imebaki fedha huru, ambazo kila mtu anazitaka na wachache wanazitoa. Sehemu yake hutokana na asilimia ambayo mfadhili anakubali kuchangia gharama za jumla za shirika: Umoja wa Ulaya kwa kawaida haupiti asilimia 7, na kwa ruzuku za serikali ya Marekani kiwango cha wasio na makubaliano maalumu kilipanda kutoka asilimia 10 hadi 15 mwezi Oktoba 2024. Miezi michache baadaye, Januari 2025, amri za kusitisha kazi zikatoka Washington, na mashirika yaliyokuwa na miradi mikubwa na fedha huru kidogo yakajikuta hayana cha kulipia hata notisi za wafanyakazi.

Kwa hiyo wakikugeuzia mwishoni na kusema sasa uliza wewe, acha habari za likizo. Uliza: fedha huru mlizonazo, ukiondoa zilizotengwa na bodi, zinatosha kuendesha ofisi miezi mingapi? Mkuu wa fedha akikujibu kwa namba bila kufungua kompyuta, shirika lina mtu. Wakitazamana, bado unaweza kuikubali kazi, ila ujue siku ya kwanza utaanza na kuitafuta namba hiyo.