Askari akiuawa kazini Johannesburg: familia yake hulipwa nini?

Jumapili ya tarehe 25 Juni 2006, polisi wa Johannesburg waliwafuatilia watu waliokuwa wamepora duka kubwa katika eneo la Honeydew hadi kwenye nyumba moja ya Jeppestown, mtaa wa zamani ulio mashariki ya katikati ya jiji. Yalizuka mapambano ya risasi. Yalipomalizika, askari polisi 4 na watuhumiwa 8 walikuwa wameuawa.

Tukio hilo liliishtua nchi ambayo tayari ilikuwa imezoea kuwazika askari wake. Katikati ya miaka ya 1990 Afrika Kusini ilikuwa ikipoteza zaidi ya askari 200 kwa mwaka, waliouawa wakiwa kazini na nje ya saa za kazi. Idadi hiyo imeshuka sana tangu wakati huo, lakini kila jeneza linalofunikwa bendera huacha nyuma yake swali lile lile: mjane na watoto wataishi vipi?

Jibu halimo katika sheria ya polisi. Limo katika Sheria ya Fidia kwa Majeraha na Magonjwa ya Kazini, nambari 130 ya mwaka 1993, ambayo humhesabu askari kama inavyomhesabu mchimba migodi au mfanyakazi wa kiwandani. Familia haitakiwi kuthibitisha kwamba kuna aliyezembea. Inatosha kuonyesha kwamba kifo kilitokana na kazi na kilitokea katika kuitekeleza.

Hesabu yenyewe huanza na kima ambacho marehemu angelipwa kila mwezi kama angepata ulemavu kamili, yaani asilimia 75 ya mshahara wake, hadi kiwango cha juu kinachowekwa na serikali. Kutokana na kima hicho, mjane au mgane hupata asilimia 40, na kila mtoto asilimia 20. Tuseme askari alikuwa akilipwa rand 20,000 kwa mwezi. Kima cha msingi ni rand 15,000. Mjane atapata rand 6,000 na kila mtoto rand 3,000. Wakiwapo watoto watatu, jumla inafikia rand 15,000, na hapo mlango unafungwa, kwani malipo yote kwa pamoja hayaruhusiwi kukizidi kima cha msingi. Mtoto wa nne haongezi chochote katika kapu. Wanachofanya ni kugawana kilichomo. Pensheni ya mtoto kwa kawaida hukoma atimizapo miaka 18, ingawa inaweza kuendelea akiwa masomoni au akiwa mlemavu. Zaidi ya hayo mjane hupewa mkupuo mmoja mwanzoni, na gharama za maziko huchangiwa.

Malipo hayo ni mbali na mafao ya Mfuko wa Pensheni wa Watumishi wa Serikali, ambao askari huuchangia kutoka katika mshahara wake. Huko umri wa utumishi ndio unaoamua. Aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 10 kazini, wategemezi wake hupata mkupuo tu. Aliyeivuka miaka hiyo humwachia mwenzi wake kiinua mgongo pamoja na pensheni ya kila mwezi. Kwa maneno mengine, familia ya askari kijana, ambayo mara nyingi ndiyo yenye watoto wachanga, huangukia upande mwembamba wa mizani.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, hauko katika asilimia. Uko katika kujua nani ni mjane. Sheria inaitambua ndoa ya serikali na pia ya kimila, na tangu Novemba 2000 ndoa za kimila zina sheria yake maalumu. Lakini askari wengi wa Johannesburg wametoka Limpopo, KwaZulu-Natal au Eastern Cape. Mke wa mahari yuko kijijini, na mwanamke aliyeishi naye Soweto ana watoto wake pia. Watoto wote, wa ndani na wa nje ya ndoa, wana haki sawa. Mwanamke asiye na ndoa anaweza kutambuliwa ikiwa hakuna mke wa ndoa. Nao wazazi, ambao kwa desturi zetu ndio wa kwanza kulelewa na mwana mwenye mshahara, sheria inawaweka nyuma ya mjane na watoto. Hapo ndipo mafaili hulala. Sisi tunaoishi ugenini tunajua jinsi cheti kimoja kinavyoweza kuyasimamisha maisha ya mtu.

Muda nao hausubiri msiba uishe: dai linapaswa kuwasilishwa katika muda uliowekwa na sheria.

Je, familia inaweza kuishitaki serikali kwa kumpeleka askari vitani bila fulana ya kuzuia risasi? La. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kinamzuia mfanyakazi na wategemezi wake kumdai mwajiri mahakamani kwa tukio la kazini. Mahakama ya Katiba ilikiunga mkono kifungu hicho mwezi Novemba 1998, katika kesi ya Jooste dhidi ya kampuni ya Score Supermarket, iliyomhusu mfanyakazi wa dukani. Hoja ilikuwa kwamba mfanyakazi ameiacha haki ya kushitaki, na badala yake amepata malipo yasiyohitaji kuthibitisha kosa. Ni mapatano yenye mantiki, ingawa mantiki hiyo ni nyepesi zaidi kwa anayelipa kuliko kwa anayelipwa. Njia iliyobaki ni kumwomba Kamishna wa Fidia aongeze malipo ikiwa uzembe wa mwajiri utathibitishwa.

Ada za shule za watoto zina mfuko wake wa elimu ulioanzishwa na polisi, na majina ya waliouawa huandikwa kwenye mnara ulio Union Buildings, Pretoria, ambako hukumbukwa kwa kawaida kila Septemba. Askari wa jiji la Johannesburg, kikosi kilichoundwa mwaka 2001, ni waajiriwa wa manispaa. Familia zao huanzia mlango mwingine, ingawa sheria ya fidia ni ile ile.

Afrika Mashariki imefuata njia zinazokaribiana na hiyo. Sheria ya Tanzania ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, nayo inataja asilimia 40 kwa mwenzi na 20 kwa mtoto. Kenya ilichagua mkupuo: sheria yake ya mwaka 2007 inampa mtegemezi mapato ya miezi 96, na inawahusu watumishi wa serikali isipokuwa wanajeshi. Ilipimwa Novemba 2012, pale askari zaidi ya 40 walipouawa kwa kuviziwa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakiwasaka wezi wa mifugo.