Baiskeli ya Ng'iya: Historia Fupi ya Wakfu wa Mama Sarah Obama

Kutoka Nyang'oma Kogelo hadi Ng'iya ni mwendo wa kama kilomita 10. Enzi za ukoloni, mama mmoja kijana wa Kogelo aliukata mwendo huo kwa baiskeli kila siku ya shule, mtoto wa kiume amempakia nyuma kwenye keria. Mtoto huyo hakumzaa yeye. Alikuwa mwana wa mke mwenzake, aliyekwisha kuondoka katika ndoa ile. Mama mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Alichojua ni kwamba shule iko Ng'iya na mtoto lazima afike.

Mama huyo ndiye Sarah Onyango Obama, ambaye wakazi wa Kogelo walimwita Mama Sarah na wajukuu wakamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Wakfu unaobeba jina lake hulisha na kusomesha watoto waliofiwa na wazazi. Anayetaka kuijua historia yake asianzie kwenye cheti cha usajili. Aanzie kwenye keria ile ya baiskeli.

Barua zisizosomeka

Mama Sarah alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria, miaka miwili tu baada ya Kenya kutangazwa kuwa koloni la Uingereza. Shule zilikuwa chache, na nafasi iliyopatikana ilipewa mvulana kwanza. Msichana alijifunza kulima, kuteka maji, kupika na kulea. Mama Sarah alijifunza hayo yote, na akayafanya kwa ustadi mpaka uzeeni.

Hata hivyo, kutojua kusoma kulimuuma. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 92, alisimulia jinsi barua zilivyokuwa zikimfikia ukubwani naye asiweze kuzisoma. Anayengoja kusomewa barua yake hana siri. Habari ya msiba au ya heri huijua baada ya msomaji wake kuijua, tena kwa sauti ya mtu mwingine. Mama Sarah aliamua kwamba jambo hilo halitawapata watoto wa nyumba yake. Alihakikisha wote wanakwenda shule, wawe wa kuwazaa au wa kuwalea.

Aliolewa na Hussein Onyango Obama, aliyefanya kazi ya upishi kwa Wazungu na ambaye alisilimu alipokuwa Zanzibar. Katika nchi ya Wajaluo ambako walio wengi ni Wakristo, Mama Sarah aliishi Uislamu wake kwa utulivu na uthabiti hadi mwisho wa maisha yake.

Na yule mtoto wa kwenye keria? Ni Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Kutoka Ng'iya alifika shule ya Maseno, mwaka 1959 akasafiri kwenda kusoma Hawaii, kisha akasoma uchumi Harvard. Alifariki mwaka 1982 katika ajali ya gari jijini Nairobi, akazikwa Kogelo. Mama wa kambo aliyempeleka shule kwa miguu yake akikanyaga pedali ndiye aliyebaki kulilinda kaburi lake.

Sufuria ya uji

Kisha ukaja ugonjwa ulioijaza Nyanza makaburi ya vijana. Mwezi Novemba 1999 serikali ya Kenya iliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na Siaya, kilipo kijiji cha Kogelo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Walikufa watu wa umri wa kuzalisha na kulea: baba, mama, mwalimu, mvuvi. Wakabaki wazee na watoto. Katika maelfu ya maboma nyanya waliokuwa wamemaliza kulea walianza kulea upya, bila mshahara wala pensheni.

Mama Sarah alikuwa mmoja wao. Kwa miongo kadhaa alisaidia mayatima, wengine akiwalea ndani ya nyumba yake. Kijijini alijulikana kwa uji moto na mandazi aliyowapa watoto wa shule. Mtu wa mbali anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Aliyewahi kukaa darasani na njaa anajua kwamba ubao huonekana vizuri zaidi tumbo likiwa na kitu. Uji ule ulikuwa sehemu ya somo.

Mwaka 2003 Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wengi wakafurika madarasani. Lakini yatima bado alihitaji sare, daftari, kalamu na dawa anapougua. Akifika sekondari karo ilimngoja mlangoni. Mambo hayo ndiyo yaliyokuja kuwa kazi ya wakfu: chakula, vifaa vya shule, sare, matibabu ya kimsingi na karo. Hakuna hata moja lililobuniwa ofisini. Yote yalikuwa mahitaji ya watoto waliokuwa wamekaa mbele ya Mama Sarah wakimtazama.

Jina lavuma

Mjukuu aliyezaliwa Hawaii alifika Kogelo kwa mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Nyanya hakujua Kiingereza, mjukuu hakujua Kijaluo, na mazungumzo yao yalihitaji mkalimani. Alirudi mwaka 2006 akiwa seneta. Novemba 2008 akachaguliwa kuwa rais, na kijiji ambacho wengi hawakuwahi kukisikia kikajaa waandishi wa habari. Umeme ukavutwa hadi kwenye boma la Mama Sarah, na polisi wakawekwa kumlinda.

Wapo waliotaka kulitumia jina lake kumchafua mjukuu kwa habari ya dini. Mama Sarah aliwajibu kwa busara ya mzee: dunia ya leo mtoto anaweza kufuata dini tofauti na ya wazee wake. Hakuona haya kwa Uislamu wake, wala hakumlazimisha mtu kuufuata.

Heshima kubwa aliyojipatia, kwa maoni yangu, ni namna alivyoutumia umaarufu huo. Umri wake ulikuwa umempa haki ya kupumzika kivulini na kupokea wageni. Badala yake, sufuria ya uji ikageuka wakfu, na jina lililovuma likawa la kuwaombea mayatima wa Siaya.

Neno wakfu lenyewe lina uzito. Katika pwani yetu, tangu zamani, mtu akiweka wakfu kisima, shamba au nyumba, amekitoa mkononi mwake na hakirudishi. Mwenyewe akifa, maji yanaendelea kunyweka na thawabu inaendelea kumfikia. Mama Sarah aliweka wakfu jina lake.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulimtambua mjini New York, akapokea tuzo ya uanzilishi katika elimu iliyotolewa kwa mara ya kwanza pamoja na Siku ya Wanawake Wajasiriamali. Mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani alituzwa kwa sababu ya elimu. Imani yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ukimsomesha mwanamke, hatasomesha nyumba yake peke yake, atasomesha kijiji kizima.

Machi 2021

Alfajiri ya tarehe 29 Machi 2021, Mama Sarah alifariki katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99. Miongoni mwa Wajaluo, matanga ya mzee kama huyo huweza kuchukua siku nyingi. Yeye alizikwa kesho yake, tarehe 30, hapo Kogelo kwa taratibu za Kiislamu alizozishika maisha yake yote. Salamu za rambirambi zilitoka kwa marais na kwa majirani. Mjukuu wake, Barack Obama, alikumbusha kwamba yule ambaye watu wengi walimjua kama Mama Sarah, kwao alikuwa Dani tu.

Kilichobaki

Watu wa Kogelo waliuona moyo ule ukihamia kwa kizazi kingine akiwa bado hai. Julai 2018 mjukuu wake Auma Obama alifungua pale kijijini kituo cha Sauti Kuu, chenye uwanja wa michezo, maktaba na mafunzo kwa vijana. Kituo hicho ni taasisi nyingine, yenye uongozi wake. Lakini aliyeona nyanya akigawa uji hawezi kushangaa mjukuu akijenga maktaba.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Tunaisema methali hii mara nyingi katika harambee na harusi, mpaka tumeacha kuisikia. Maisha ya Mama Sarah yanatufanya tuisikie tena. Hakuanza na fedha wala wafadhili. Alianza na baiskeli, sufuria na mtoto asiye wake, na kila alichopata baadaye alikiongezea hapo. Katika vijiji vyetu bado wako nyanya wengi wa namna hiyo, ambao wajukuu wao hawatakuwa marais na hakuna atakayewapa tuzo. Kumuenzi yeye kwa haki ni kuwaona hao wangali hai, na kuwasaidia kubeba sufuria.

Zamani, barua ikifika mkononi mwake ilibidi itafutiwe mtu wa kuisoma. Leo barua ikifika katika boma lile la Kogelo, mtu yeyote anayeipokea ataifungua mwenyewe.