Kikoba

Kikoba ni kikundi cha watu wa mtaa au kijiji kimoja, wengi wao wanawake, wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana kutokana nayo. Nchini Tanzania, kwenye kikoba ndiko mama lishe, muuza mitumba na fundi cherehani wasio na dhamana ya kupeleka benki wanakopata mtaji.

Utaratibu wake unafanana sana na ule ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mkopo kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Upo pia mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa. Huo husifiwa kidogo mno kuliko unavyostahili, maana genge la mboga likifa, mara nyingi mtaji ulikwisha hospitalini na wala si kwa nyanya kukosa wanunuzi.

Riba hubaki kikundini. Baada ya karibu mwaka mmoja kikoba huvunjwa, na kila mtu hugawiwa akiba na faida kulingana na hisa zake. Mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu hufanya kinyume: marejesho ya kila siku hula mtaji kabla bidhaa haijauzwa.

Hata hivyo, mkopo wa kikoba, ambao mara nyingi ni wa miezi mitatu, humfaa mchuuzi. Anayetaka mashine ya kukamua alizeti hawezi kuilipa kwa muda huo. Utafiti wa mwanauchumi Dean Karlan na wenzake kuhusu vikundi vya aina hii katika Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, uliona biashara zikiimarika na wanawake wakipata uwezo zaidi, ila matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda.

Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikarejeshwa mwaka 2024. Ingefaa waanze kufikiriwa wale ambao tayari wamewekeana akiba na kuvunja kikoba angalau mara moja, kwani madaftari yao yanaonyesha nani hulipa.